Jinsi ya kupiga picha mimea ya porini na viumbe wadogo kwenye mawe na mwambao wa Mwanza

Picha nyingi za maua na wadudu zinazopigwa kando ya ziwa letu, Ziwa Viktoria, huharibiwa na mambo matatu: upepo, jua la saa sita, na haraka ya mpigaji. Ubovu wa kamera unakuja nyuma ya hayo yote. Mwenye simu ya kawaida aliyefika Luchelele saa 12:45 asubuhi, akalala kifudifudi kwenye mchanga mkavu na kutulia, atarudi na picha ambazo mwenye lenzi ya mamilioni aliyeteremka garini saa 7:00 mchana hatazipata. Kwa hiyo tuanze na saa.

Saa, upepo na msimu

Mwanza iko karibu na ikweta, nyuzi mbili na nusu hivi kusini yake, na jua letu hupanda wima. Huchomoza kati ya saa 12:30 na saa 1:00 asubuhi kutegemea mwezi, na ikifika saa 3:00 limeshakuwa kali kiasi cha kuunguza rangi ya ua jeupe na kutia vivuli vyeusi chini ya kila jani. Muda wa kazi ni kuanzia kunapopambazuka hadi saa 3:00 au 3:30. Jioni, anza saa 11:00.

Upepo nao una ratiba. Usiku nchi kavu hupoa kuliko maji, hewa ikashuka kuelekea ziwani. Jua likishapasha ardhi, mambo yanageuka: upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu na unazidi kadiri mchana unavyokua. Katikati ya mageuzi hayo, mapema asubuhi, kuna kipindi ambacho hata tete halitikisiki. Hicho ndicho cha kuwinda. Ukichelewa, hamia upande wa nyuma wa miamba mikubwa, ule usiotazama ziwa. Mawe yetu ni ukuta mzuri wa upepo na chini yake maua madogo hukaa tuli hata saa 4:00.

Asubuhi ina faida ya tatu. Mdudu hana joto lake mwenyewe. Akilala kwenye jani usiku kucha hupoa, na hawezi kuruka mpaka misuli ya mabawa ipate joto. Kipepeo au kereng'ende mwenye umande mgongoni saa 1:00 atakuachia dakika kumi nzima za kupanga stendi ya kamera. Huyohuyo saa 4:00 hakupi hata sekunde mbili.

Kuhusu msimu: mvua za vuli huanza Oktoba na za masika huishia Mei. Wiki chache baada ya mvua za kwanza ndipo maua ya chini ya mawe hutoka, kumbikumbi huruka na vyura huanza kelele. Kiangazi cha Juni hadi Septemba kina vumbi na majani makavu, ila malambo yanapokauka viumbe hujisogeza kwenye mwambao, na hapo utawapata wengi mahali padogo.

Vifaa, bila kuuza shamba

Kamera kuu ya simu nyingi hailengi kitu kilicho karibu kuliko sentimita 8 hadi 10. Mtu husogea mpaka sentimita 4, picha inatoka na ukungu, simu inalaumiwa. Piga ukiwa sentimita 12 au 15, kisha punguza kingo za picha ukiwa nyumbani. Simu yenye lenzi ya kuvuta mara 2 au 3 ni bora zaidi kwa wadudu waoga: rudi nyuma, vuta, na usuli wenyewe utalainika. Simu zenye kamera kadhaa hubadilisha lenzi zenyewe ukisogea karibu. Ziba lenzi mojamoja kwa kidole uone ni ipi inayotumika, maana ile pana mara nyingi ndiyo yenye ubora mdogo.

Vipo vilenzi vya kubana juu ya simu. Kile cha mara 10 hulenga umbali wa takriban sentimita 2.5 tu. Kwa ua, kwa mayai ya kipepeo chini ya jani, kwa vile vibandiko vya kijivu na chungwa vinavyoota juu ya mwamba, kinatosha kabisa. Kwa kereng'ende usijisumbue. Kabla hujafika sentimita 2.5 atakuwa kisiwani Ukerewe.

Upande wa kamera zenye lenzi za kubadilisha, lenzi ya makro (ya kupiga vitu vidogo kwa karibu) ya milimita 90 hadi 105 ndiyo ya kutafuta. Inakupa ukubwa wa moja kwa moja, yaani mdudu wa milimita 10 anachukua milimita 10 za kihisio, kile kibao cha ndani ya kamera kinachopokea picha, huku mbele ya lenzi pakibaki sentimita 13 hadi 15 za hewa. Huna bajeti? Chukua lenzi ya kawaida ya milimita 50 uiwekee pete ya kurefusha ya milimita 25, kati yake na kamera. Utapata takriban nusu ya ukubwa halisi, na hakuna kioo cha ziada cha kupunguza ubora. Shida yake ni kwamba inakulazimu kusogea karibu zaidi, kivuli chako kinaingia.

Vilivyobaki unavitengeneza mwenyewe.

Kisambaza mwanga: kata kipande cha dumu jeupe la mafuta ya kula, ukubwa wa daftari, kikunje mbele ya flashi kikining'inia juu ya ncha ya lenzi. Kikiwa kikubwa na kikiwa karibu na mdudu, mwanga unakuwa laini. Flashi isiyo na kitu mbele huacha doa jeupe kali kwenye mgongo wa kila mbawakawa, na doa hilo haliondoki kwa programu yoyote.

Kirudisha mwanga: ile karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya biskuti, ibandike kwenye kipande cha boksi. Ishike upande wa kivuli, chini ya ua, uone petali za chini zinavyofunguka.

Kizuia upepo: spoku ya baiskeli na kibanio cha nguo. Funga kibanio kwenye ncha moja, choma nyingine ardhini, bana shina sentimita 10 hadi 15 chini ya ua ili kibanio kisionekane. Funika meno yake kwa kitambaa. Shina la mmea mchanga likipondwa, ua linanyauka kesho yake na nyuki wanakosa.

Ongeza mfuko wa salfeti wa kulalia na tochi ya kichwani. Basi.

Namba zinazoamua

Ukipiga kwa ukubwa wa moja kwa moja na kamera ya kihisio kikubwa, ukiweka f/8 (f ni kipimo cha tundu la lenzi: namba ikikua, tundu linabana), sehemu inayotoka kali ina unene wa takriban milimita 1. Weka f/11 unapata milimita 1.3. Ukirudi nyuma mpaka mdudu awe nusu ya ukubwa, f/8 inakupa karibu milimita 3. Soma tena hizo namba. Mkono wa mtu aliyeshiba na kutulia hucheza zaidi ya milimita 1 mbele na nyuma, na ndiyo maana picha kumi zinaweza kutoka na mguu mkali na jicho lenye ukungu.

Dawa si kukaza f hadi 22. Ukipita f/16 mwanga unapinda kwenye tundu dogo na picha nzima inalegea. Baki kati ya f/8 na f/11, kisha fanya hivi: zima fokasi ya otomatiki, weka ukubwa unaoutaka, na lenga kwa kusogeza mwili. Egemeza viwiko ardhini au kwenye goti, toa pumzi, yumba mbele taratibu kama upana wa ukucha, na achia picha 5 hadi 10 mfululizo jicho la mdudu linapopita kwenye ukali. Moja itakuwa sahihi. Futa zilizobaki jioni, usifute ukiwa porini, maana kioo kidogo cha kamera hudanganya.

Bila flashi, kasi ya shata isishuke chini ya 1/250 ya sekunde kwa mkono, na panda hadi 1/500 majani yakicheza. ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, iwe 400 hadi 800 kwa asubuhi, 1600 kama uko chini ya mti. Kwa flashi weka shata 1/200 na nguvu ndogo, 1/16 au 1/8 ya nguvu yote ya flashi: mlipuko wa nguvu ndogo ni mfupi sana, unagandisha kitu chenyewe hata mkono ukicheza.

Mwanga kwenye ua jeupe huwachanganya wengi kwa sababu kamera hukosea pande mbili tofauti. Ua jeupe likijaza picha nzima, kamera huliona ni angavu mno na kulififisha liwe la kijivu: ongeza +0.7 kwenye kirekebisha mwanga cha kamera (alama ya +/−). Ua jeupe dogo kwenye usuli wa majani meusi, kamera hufuata weusi na kuunguza petali: punguza −0.7 hadi −1. Ua jekundu la mshubiri nalo linaungua upande wa nyekundu kabla grafu ya jumla ya mwanga kwenye kioo cha kamera haijaonyesha tatizo, hivyo punguza −0.7 hata kama kioo kinaonekana kizuri. Kwa simu, bonyeza mahali pa kulenga mpaka fokasi ijifunge, kisha telezesha kidole chini mpaka mishipa ya petali ionekane.

Na usuli. Kabla ya kubonyeza, angalia nyuma ya mdudu. Jani likiwa sentimita 3 nyuma yake litaonekana na kila kovu lake. Likiwa sentimita 40 nyuma litakuwa rangi laini tu. Mara nyingi kusogea pembeni sentimita 5 kunatosha kuondoa kijiti cheupe kinachotoboa kichwa cha panzi.

Mjusi wa mawe

Mjusi anayebeba jina la mji huu kisayansi ni *Agama mwanzae*. Dume ana kichwa na mabega mekundu au ya zambarau na mwili wa buluu. Jike ni wa kahawia na hujificha kwenye rangi ya mwamba. Capri Point na kisiwa cha Saanane wamezoea watu na ndiko pa kuanzia. Saanane ni hifadhi ya taifa tangu 2013, boti zinaondokea Capri Point, na ukiwa kule hakuna kuchuma wala kugeuza kitu.

Rangi ya dume haiko palepale siku nzima. Asubuhi akiwa baridi anakuwa amefifia, na anang'aa baada ya kuota jua na kuanza kutikisa kichwa juu chini kuwaonya wenzake. Hii ni picha moja ambayo asubuhi sana haifai. Nenda saa 2:30 hadi 4:00. Usimfuate. Mjusi anayefuatwa huingia ufani na hatoki mpaka umechoka. Chagua jiwe lenye kinyesi cheupe juu yake, hiyo ndiyo baraza lake, kaa chini mita 3 kando, jua likiwa mgongoni kwako lakini kivuli chako kisiguse jiwe. Atarudi. Sogea kwa makalio, nusu mita kila anapogeuza kichwa kando, na shusha kamera iwe sawa na jicho lake. Picha ya mjusi iliyopigwa kutoka juu inaonyesha mgongo tu. Iliyopigwa usawa wa jicho inaonyesha magamba ya kope na ziwa nyuma likiwa utando wa buluu.

Kereng'ende wanaokufuata

Tembea pole kwenye mchanga au majani mafupi ya mwambao, utaona kereng'ende wadogo wanakuzunguka magotini. Ni *Brachythemis leucosticta*. Dume mweusi ana mkanda mweusi kwenye kila bawa. Hawakukimbizi wala hawakupendi: wanakula vijidudu vinavyorushwa na miguu yako, kama wanavyofanya kwa ng'ombe. Tumia tabia hiyo. Piga hatua kumi, simama ghafla. Wanatua chini palepale, kwenye mchanga mtupu. Shuka kwa magoti taratibu, kisha lala.

Kereng'ende wengine hutua kwenye ncha ya tete na kurudi hapohapo baada ya kila mzunguko. Akiruka, wewe usiondoke. Sogea hatua mbili wakati hayupo, lenga ile ncha, subiri. Mchana wa jua kali utamwona ameinua mkia wima kuelekea jua, anapunguza eneo linalochomwa. Ni pozi zuri na ni habari ya kweli kuhusu mdudu, ipige.

Kwa mabawa yaliyotandazwa, uso wa kamera uwe sambamba na mabawa. Ukiinama kidogo tu, bawa moja linatoka kwenye ule unene wa milimita chache. Ukitaka uso wake, kubali kwamba mabawa yatakuwa na ukungu na uhakikishe macho yote mawili ni makali.

Magugu maji, yungiyungi na fukusi

Magugu maji yamekuwa taabu ya ziwa hili tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, lakini ua lake ni la zambarau lenye doa la njano kwenye petali ya juu, na kila ua hudumu siku moja au mbili tu. Piga lililofunguka asubuhi ileile. La jana lina kingo zilizojikunja.

Kitu cha thamani zaidi kwenye magugu hayo wengi hukipita. Tazama upande wa juu wa jani. Ukiona madoa mengi madogo ya rangi ya majani makavu, kana kwamba mtu amelikwaruza kwa ukucha, hiyo ni kazi ya fukusi wa jenasi ya *Neochetina*, walioletwa ziwani katika miaka ya 1990 ili kuyapunguza magugu hayo. Fukusi mwenyewe ana milimita 4 hadi 5, wa kijivu au kahawia, na hula zaidi usiku. Mchana yuko kwenye jani changa lililojikunja au pale mashina yanapokutana. Fungua jani kwa kidole kimoja, usiling'oe. Piga kwanza jani zima lenye makovu, halafu fukusi: kwa ukubwa wa moja kwa moja atachukua kama moja ya saba ya upana wa picha, na hapo hasa ndipo flashi yenye kipande cha dumu inapohitajika, maana ngozi yake ngumu huakisi.

Yungiyungi la buluu hufunguka jua likishapata nguvu, kama saa 3:00, na kujifunga mchana ukipinduka. Mng'ao wa maji unaua picha zake. Filta ya polaraiza, kioo cha kuzungusha kinachofungwa mbele ya lenzi, huukata vizuri zaidi ukiwa unaangalia maji kwa mwinamo wa nyuzi 35 hadi 40 kutoka usawa wa maji. Izungushe mpaka majani yageuke kijani cha kweli. Inakula mwanga, hatua moja hadi mbili (kila hatua ni kupunguza mwanga kwa nusu), kwa hiyo pandisha ISO. Piga ukiwa kwenye mtumbwi uliotulia au kwenye jiwe. Kuhusu kuingia majini, tutalisema hapa chini na tunaomba lisichukuliwe kwa wepesi.

Uani, kabla ya kwenda mbali

Anayeanza akajifunze kwenye mlimau au mchungwa wa nyumbani Nyegezi au Buswelu. Kipepeo mkubwa mweusi na njano, *Papilio demodocus*, hutaga hapo. Kiwavi akiwa mdogo anafanana kabisa na kinyesi cha ndege, mweusi wenye weupe. Akikua anageuka kijani. Ukimgusa anachomoa pembe mbili laini za rangi ya chungwa nyuma ya kichwa zenye harufu kali, kisha anazirudisha. Mpige bila kumgusa kwanza. Hakimbii, yuko usawa wa kifua, na ukija kila siku utapata hatua zote mpaka kipepeo. Hakuna mwalimu bora wa fokasi.

Buibui wa utando wapige jua likiwa nyuma ya utando na kivuli cheusi cha jiwe nyuma zaidi. Yule mdogo anayeruka ana tabia ya kugeuka kuitazama lenzi. Subiri ageuke, macho mawili makubwa ya mbele ndiyo picha.

Usiku: vyura na kinyonga

Vyura wadogo wa matete, sentimita 2 hadi 3, huimba baada ya mvua kwenye majaruba ya mpunga na malambo. Ukiwakaribia wananyamaza. Zima tochi, simama, hesabu dakika tatu hadi tano gizani. Mmoja ataanza na wengine watamfuata. Washa tochi iliyofunikwa kitambaa chekundu, mtafute kwa sauti, lenga ule mfuko wa koo unapovimba. Flashi tatu au nne zinatosha kwa chura mmoja, kisha mwache aendelee na usiku wake. Usimshike, hasa ukiwa umepaka dawa ya mbu: ngozi yake hunyonya kila kitu. Dawa zenye DEET pia huyeyusha plastiki, kwa hiyo futa viganja kabla ya kushika kamera.

Kinyonga mchana humwoni hata akiwa mbele yako. Usiku hulala nchani mwa tawi na tochi humfanya aonekane mweupe kabisa kwenye majani. Watu wengi humwogopa na wengine humuua. Ukimpata karibu na makazi, usipige kelele za furaha.

Yanayoumiza

Kichocho. Konokono wa maji ya kando ya ziwa hutoa viluwiluwi vya kichocho vinavyopenya ngozi isiyo na jeraha ndani ya dakika chache, na hutoka zaidi mchana jua likiwaka. Usipige goti majini, usitie kiwiko, usisimame na ndala kwenye matete ili upate yungiyungi. Vaa gambuti na uishie kwenye maji yasiyozidi shingo yake. Ukilowa, jikaushe kwa kusugua taulo papo hapo, na nenda ukapimwe baada ya wiki sita hadi nane. Dawa ipo, prazikwanteli.

Mamba na kiboko. Usilale tumbo ukingoni mwa maji yenye matete wala kukanyaga zulia la magugu maji. Kiboko hutoka usiku kula majani, ndiyo sababu picha za vyura tumezielekeza kwenye majaruba na malambo. Hata huko ulizia kwanza, na nenda na mtu wa hapo.

Utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni huunguza vibaya. Usivunje tawi la ua wa mnyaa ili kupata nafasi. Upupu unaota kwenye vichaka na vinyweleo vyake hupeperuka ukitikisa mmea, ukiwa umelala chini yake utajuta wiki nzima. Jiwe ukiligeuza kutafuta nge, livute kuelekea kwako ili mwanya uwe upande wa pili, kisha lirudishe lilivyokuwa: chini yake ni nyumba. Kifutu hukaa tuli njiani na hakupishi, kwa hiyo angalia unapoweka kiganja kabla ya kuangalia kioo.

Kisha kuna watu. Kwenye mwalo, msalimie mzee aliyekaa kivulini kwa salamu ya asubuhi ya Kisukuma, "Mwangaluka", ueleze unachokuja kufanya, na umwonyeshe picha kwenye kioo. Dakika tano hizo zinakuepusha na maswali ya nusu saa. Mara nyingi yeye ndiye atakayekuambia lile ua jeupe linatoka wapi. Usielekeze lenzi bandarini, wala uwanja wa ndege ukiwa njiani kwenda Igombe.

Picha ya mmea inayosaidia kuutambua

Ua peke yake mara nyingi halimtoshi mtaalamu. Kwa kila mmea piga angalau sita: mmea mzima mahali ulipoota, jinsi majani yanavyopangana kwenye shina, jani upande wa juu, jani upande wa chini, ua kutoka mbele, ua kutoka ubavuni ili kikonyo na kitako vionekane. Tunda au mbegu zikiwepo, ongeza. Weka rula kwenye picha moja. Andika palepale mahali, tarehe, kama ni kwenye ufa wa mwamba, mchanga au tope, na jina la Kisukuma au Kikerewe ukiambiwa na wenyeji, pamoja na kijiji ulikolisikia, kwa sababu jina moja linaweza kuwa la mimea miwili kwa watu wa vijiji viwili.

Ukipandisha picha iNaturalist, programu ya mtandaoni ya kurekodi na kutambua viumbe, weka zote sita kwenye rekodi moja. Mmea unaochimbwa kwa dawa au kuuzwa, ficha mahali halisi. Programu ina sehemu ya kufanya hivyo.

Ukirudi

Usibadilishe lenzi ufukweni siku ambazo wale wadudu wadogo wa ziwa wanapanda kama moshi juu ya maji, hasa karibu na mwezi mwandamo. Mmoja akiingia kwenye kihisio ataonekana kwenye kila picha utakayopiga f/11. Nyumbani futa vumbi kwa brashi kabla ya kitambaa, mchanga hukwaruza. Unyevu wa hapa huotesha kuvu ndani ya lenzi, huonekana kama nyuzi za buibui ukiimulika na tochi. Hifadhi lenzi kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana pamoja na pakiti za silika za gramu 50 au 100, zile zinazobadili rangi zikishiba maji, na uzikaushe kwa moto mdogo kila zinapobadilika. Mfuko wa kamera wa ngozi au sponji usiufungie lenzi ndani kwa miezi. Huo ndio unaonyonya unyevu wa masika na kuukabidhi kioo chako polepole.